Jibini ya Mushaki na Mpaka Usiotulia

Jibini ya Mushaki huingia Goma, mashariki mwa Congo, bila jina. Ni duara la manjano la kilo mbili hivi, ganda lake limekaukia kwenye mbao. Mnunuzi aliyezoea huibonyeza kwa kidole gumba, huinusa, kisha humwuliza muuzaji imetoka kwa nani. Jibu hilo ndilo cheti. Wamisionari wa Kibelgiji walioleta ufundi huu Masisi, teritware yenye Mushaki, walifundisha kukata mgando, kuukandamiza na kuutia chumvi. Lebo haikuwa sehemu ya somo, maana mlaji alikuwa Goma, Bukavu au Kinshasa, na kote huko sifa ya malisho ya Masisi ilitangulia mzigo.

Afisa wa upande wa pili wa mpaka hamjui mfugaji na hanusi kitu. Kazi yake ni kusoma. Na siku hizi jibini ya Masisi inasomwa na watu wengi kuliko zamani.

Tarehe 29 Machi 2022 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliipokea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Mkataba ulitiwa saini Nairobi tarehe 8 Aprili, na hati za kuuridhia zikakabidhiwa tarehe 11 Julai. Kwa karatasi, soko la mtengenezaji wa Mushaki lilitanuka hadi Mombasa na Dar es Salaam. Lakini mwezi Juni mwaka huohuo, baada ya mji wa mpakani wa Bunagana kutekwa na waasi wa M23, mpaka wa Goma na Gisenyi ya Rwanda ulianza kufungwa saa tisa alasiri. Mushaki yenyewe, takriban kilomita 40 magharibi mwa Goma kwenye barabara inayopanda kutoka Sake, iliangukia mikononi mwa M23 Februari 2023, na ikatekwa tena Desemba. Mwishoni mwa Januari 2025 ikawa zamu ya Goma: uwanja wa ndege ukafungwa, benki nazo zikafunga milango. Jibini iliyozoea kupanda ndege kwenda Kinshasa ikakosa ndege, na mzigo wowote uliotaka ndege ukalazimika kwanza kuvuka kwenda nchi nyingine. Mtu ambaye hakuhamisha hata sufuria moja akajikuta ni muuzaji wa bidhaa nje ya nchi, mwenye kudaiwa alama, vibali na tarehe za kuisha muda.

Ushauri anaoupata mtu kama huyo mara nyingi huanzia mwisho: tafuta chapa, nunua mfuko mzuri, chapisha lebo. Fedha huishia hapo. Kanuni inapobadilika, kitu cha kwanza kutupwa ni lebo, na aliyechapisha nyingi ndiye anayepoteza nyingi.

Waingereza wanaweza kushuhudia. Walipotoka katika Umoja wa Ulaya, serikali yao ilitunga alama mpya ya usalama wa bidhaa, UKCA, ichukue nafasi ya alama ya Ulaya ya CE kwenye vitu kama vifaa vya umeme, mashine na vitu vya kuchezea watoto. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2021. Mwisho wa CE ulipangwa uwe 2022, ukasogezwa hadi 2023, kisha mwisho wa 2024. Agosti 2023 serikali ikatangaza kwamba CE itaendelea kukubaliwa kwa bidhaa nyingi bila ukomo. Viwanda vilivyokimbilia kulipia vipimo vipya na kubadili vibao vya mashine vilibaki na gharama ambazo hazikuwa za lazima. Waliosalimika ni wale waliokuwa na faili kamili la vipimo vya bidhaa zao: alama yoyote iliyotakiwa, wangeifikia kwa haraka zaidi.

Karibu na nyumbani, Tanzania ilihamisha usimamizi wa chakula na vipodozi kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS, kuanzia Julai 2019. Kiwanda kilekile, unga uleule, lakini mwenye mamlaka mwingine. Kenya nayo, tarehe 5 Machi 2021, ilisimamisha kwa barua moja mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumukuvu. Malori yakakwama mpakani Namanga. Siku chache baadaye mlango ulifunguliwa kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mahindi yawe na hati ya mahali yalikotoka, na cheti kithibitishe kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Kiwango hicho cha 10 hakikuwa kipya. Kilikuwa tayari kwenye kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki. Kilichokuwa kipya ni kwamba mtu alianza kukiulizia. Mfanyabiashara aliyekuwa na majibu ya maabara kwenye mkoba alipita mapema, na mwenye magunia yasiyo na karatasi akasubiri.

Na si kila mlango unaofungwa hufunguliwa kwa cheti. Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga ili kulinda bei ya wafugaji wa ndani. Hapo hakuna lebo wala muhuri wa kumsaidia mtu. Mtengenezaji ajue kutofautisha: kizuizi cha usalama hujibiwa kwa vipimo, kizuizi cha kulinda soko hujibiwa kwa kutafuta mnunuzi mwingine. Kuchanganya viwili hivi kumewagharimu watu ada za maabara ambazo hazingebadili neno la afisa hata moja.

Basi kazi inaanzia kwenye kibanda cha kutengenezea, na inaanza asubuhi.

Maziwa yanafika kwa bidoni za plastiki za manjano, zilezile zilizowahi kubeba mafuta ya kupikia. Shingo yake ni nyembamba, mkono hauingii, na pembeni mwa mpini hubaki utando mweupe ambao maji pekee hayautoi. Rwanda ilipotoa amri ya waziri mwaka 2016 kupanga ukusanyaji, usafirishaji na uuzaji wa maziwa, chombo cha kubebea kilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoguswa. Mnunuzi wa Gisenyi au Kigali atakayekuja kukagua ataangalia chombo kabla ya kuangalia lebo. Makopo ya alumini au ya chuma kisichoshika kutu, yenye mdomo mpana, ni ghali kwa mfugaji wa ng'ombe watatu, lakini huo ndio ununuzi wa kwanza wenye maana. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, ni hicho.

Cha pili ni kipimajoto. Vibanda vingi hupasha maziwa hadi nyuzi 32 hivi ili dawa ya kugandisha ifanye kazi, na wenyewe husema maziwa yamepashwa. Ni kweli yamepashwa, ila vijidudu wamo. Ugonjwa wa brusela, ule unaowatupisha ng'ombe mimba, hupita kwenye maziwa ya namna hiyo hadi kwa mlaji. Kuua vijidudu kunataka nyuzi 63 kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha maziwa yapozwe ndipo yagandishwe. Njia ya kibandani ni ile ya dakika 30: sufuria, kuni, kukoroga bila kuacha, na mtu mmoja mwenye saa. Neno la kwamba maziwa yamepasteurishwa lisiandikwe kwenye lebo kabla ya hapo, kwa kuwa maabara inaweza kulikanusha: kimeng'enya cha fosfatasi kilichomo kwenye maziwa mabichi hufa kwa joto hilohilo, na kikionekana hai, lebo imesema uongo. Kuna nchi zinazokubali jibini ya maziwa mabichi kwa masharti ya muda. Marekani hutaka ikomae siku zisizopungua 60. Jibini ya Masisi inayouzwa ikiwa na wiki chache haiwezi kujificha chini ya kanuni hiyo.

Cha tatu ni daftari, na hapa ndipo watu wengi huchoka. Kila asubuhi iandikwe: maziwa ya nani, lita ngapi, laktomita ilisoma nini, joto lilifika wapi na kwa dakika ngapi, chumvi kiasi gani, yametoka madonge mangapi. Laktomita haimpendezi kila mfugaji. Maziwa safi ya ng'ombe husoma 1.028 au zaidi, na yaliyoongezwa maji hushuka. Ugomvi wa kijirani huanzia hapo. Lakini bila namba hizo hakuna namba ya toleo, na bila namba ya toleo lebo ni mapambo tu. Namba yenyewe haihitaji kompyuta: 0703-A inatosha kumaanisha jibini ya asubuhi ya tarehe 7 Machi. Faida yake huonekana siku mnunuzi wa Kigali anapopiga simu kusema madonge kumi yamevimba. Mwenye daftari hurudisha madonge ya asubuhi moja. Asiye nalo hurudisha mzigo mzima, na pengine jina la kijiji kizima.

Baada ya hayo ndipo lebo. Kanuni za kimataifa za Codex kuhusu vyakula vilivyofungashwa, ambazo kiwango cha lebo cha Afrika Mashariki, EAS 38, kinafanana nazo kwa mengi, hutaka mambo ambayo hayabadiliki sana kutoka nchi hadi nchi: jina la chakula, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya aliyetengeneza, nchi ilikotoka, namba ya toleo, tarehe, na namna ya kuhifadhi. Maziwa huhesabiwa miongoni mwa vyakula vinavyoweza kuwadhuru watu wenye mzio, kwa hiyo yatajwe waziwazi. Vinavyobadilika ni lugha, chapa ya ubora, namba ya kibali, na jina la mwagizaji.

Ushauri wa kutenda kwa hiyo ni huu: lebo ya kudumu ibebe yale yasiyobadilika, na pembeni iachwe nafasi tupu ya kibandiko kidogo cha soko husika. Kibandiko cha Rwanda, cha Uganda, cha Kinshasa. Kanuni ikigeuka, kinachotupwa ni rundo la vibandiko. Mpiga chapa atashawishi kwamba lebo 10,000 ni nafuu kwa moja kuliko 500, na kwa hesabu yake ana haki. Hesabu ya mtengenezaji ni nyingine, hasa kwenye barabara ambayo wenye kuitawala wamebadilika mara kadhaa ndani ya miaka mitatu.

Jambo la anwani lina uzito wake. Mushaki haina namba za nyumba, na watu wengi huandika tu Goma. Isifanyike hivyo. Iandikwe kijiji, teritware ya Masisi, jimbo la Kivu Kaskazini, na namba ya simu inayopokelewa. Lebo inayosema Goma wakati kibanda kiko Mushaki ni lebo yenye kosa, na mkaguzi akiligundua hataamini kilichobaki.

Kisha kuna kishawishi cha kuandika Gouda. Ni kweli jibini ya Masisi ni ya ukoo huo, na jina linauza. Lakini Codex ina kiwango maalumu cha Gouda tangu 1966, kinachotaja kiasi cha mafuta katika sehemu kavu ya jibini, na ukomavu wa kawaida kuanzia wiki tatu kwenye nyuzi 10 hadi 17. Anayeandika Gouda ameomba apimwe kwa kiwango hicho. Huko Ulaya jina Gouda Holland hata limelindwa kisheria tangu 2010. Kuandika kwa unyofu “jibini ya maziwa ya ng'ombe, Masisi” hakumfungi mtu kwa ahadi ambayo maabara itaivunja, na mnunuzi wa Kinshasa, anayeijua kama jibini ya Goma, hatahitaji neno la Kiholanzi ili ainunue.

Sasa chapa zenyewe. Rwanda ina alama ya S ya Shirika lake la Viwango, RSB. Uganda ina alama ya Q ya UNBS. Kenya ina ile ya KEBS, na mnunuzi wa duka lolote anaweza kutuma namba ya kibali kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 kuuliza kama ni halali. Tanzania ina ya TBS. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, uhakiki wa ubora, vipimo na upimaji ilikusudia kwamba bidhaa yenye chapa ya nchi moja isisimamishwe kupimwa upya katika nyingine. Huo ndio msingi mzuri wa kudai haki mpakani, ingawa aliyewahi kupeleka maziwa ya Uganda Kenya anajua kwamba msingi na mlango ni vitu viwili: mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 maziwa ya Lato kutoka Uganda, yenye kiwanda cha kisasa nyuma yake, yalikamatwa Kenya.

Chapa hizo hazinunuliwi dirishani. Shirika huja kukagua mahali pa kazi, huchukua sampuli, hutoa kibali chenye muda, na hurudi. Kwa upande wa Congo mwenye kazi hiyo ni Office Congolais de Contrôle, OCC, iliyoundwa 1974. Kwa mtengenezaji wa Mushaki, kuanza na ripoti ya maabara inayotambulika ni hatua ndogo na yenye faida kuliko kuota chapa ya nchi jirani. Ripoti itaje namba ya toleo iliyopimwa. Ripoti isiyo na namba hiyo inaweza kuwa ya jibini yoyote, na maafisa wanalijua hilo vizuri.

Msimbo wa mistari unastahili neno moja, maana kuna wanaoulipia wakidhani ni alama ya usalama. Namba inayoanza na 616 inaonyesha tu kwamba aliyeisajili aliisajili GS1 ya Kenya. Haisemi kama chakula ni salama, wala hata kama kilitengenezwa Kenya. Inafaa kwa duka kubwa lenye mashine ya kusoma. Kwenye Petite Barrière, kivuko cha wachuuzi kati ya Goma na Gisenyi, haimsaidii mtu.

Na kwenye Petite Barrière kwenyewe, mama wanaovuka na mizigo midogo wamesikia habari za utaratibu rahisi wa biashara. Soko la pamoja la COMESA wanao, Jumuiya wanao, na ule wa Jumuiya hufikia mzigo wa hadi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili kinachotolewa mpakani. Unapunguza ushuru na makaratasi ya forodha. Haugusi afya. Jibini ni zao la mnyama, na afisa wa mifugo ana haki ya kuizuia hata ikiwa ya dola 20, kama serikali ilivyo na haki ya kumzuia yeyote wakati wa mlipuko: Agosti 2019, kwa ajili ya Ebola, Rwanda iliufunga mpaka huo kwa saa kadhaa, na hakuna cheti cha asili kilichoufungua.

Upande wa Congo, amri ya 2002 iliweka huduma nne tu za kufanya kazi mpakani: uhamiaji, forodha, OCC na afya. Mfanyabiashara yeyote wa Goma anajua kwamba meza huwa ni zaidi ya nne. Kujua zile nne kwa majina humsaidia mtu kuuliza risiti kwa adabu, na risiti zikae kwenye faili la toleo husika. Vita vinapobadilisha wenye ofisi, swali gumu huwa ni sahihi ya nani itakayoheshimiwa mzigo utakakofika. Hilo halijibiwi Mushaki wala Goma. Mnunuzi aulizwe mapema, kwa maandishi, hata kwa WhatsApp: mtakubali hati ya ofisi gani, ya lugha gani, ya siku ngapi? Jibu lake lihifadhiwe. Mwagizaji ndiye anayewajibika mbele ya mamlaka za nchi yake, na ndiye mwenye hamu kubwa ya kujua kanuni ilivyo leo asubuhi. Kijana wa mjini anayeuza “huduma ya kupitisha” hana hamu hiyo.

Yote haya yanazidi mfuko wa kibanda kimoja. Kipimajoto mtu atanunua; vipimo vya maabara kila mwezi hapana. Wafugaji wa Kivu Kaskazini wana uzoefu wa ushirika, na ACOGENOKI ni mfano unaojulikana Goma. Vibanda sita au saba vya mlima mmoja vinaweza kukubaliana kuhusu daftari moja, chumba kimoja cha kukomazia na sampuli moja ya pamoja, kila kibanda kikibaki na herufi yake ndani ya namba ya toleo. Aliyeongeza maji ataonekana kwa herufi yake. Inahitaji ujasiri kidogo kuanza, na mtunza daftari asiwe shemeji ya mwenye kibanda kikubwa.

Jambo la mwisho la kukubaliana na mnunuzi, kabla mzigo haujafungwa kamba, ni nani atabeba hasara ukikataliwa. Iandikwe: jibini ikirudishwa kwa kosa la lebo, ni juu ya mtengenezaji, ikirudishwa kwa sababu kanuni imebadilika ikiwa njiani, hasara igawanywe nusu kwa nusu. Iandikwe pia italala wapi, kwenye nyuzi ngapi, na kwa siku ngapi, kwa kuwa mpaka unaoweza kufungwa saa tisa, kama ulivyofungwa kuanzia Juni 2022, hauachi nafasi ya kutafuta chumba baridi saa nane na nusu.